Gari likikimbia lenyewe: mwongozo kwa wenye magari wa Kigoma

Gari likiparamia ukuta wa duka pale Mwanga, au likiingia mtaroni kwenye mteremko wa kushukia stesheni, maelezo ya dereva mara nyingi huwa hayo hayo: "Nimekanyaga breki, gari likaruka mbele lenyewe." Ikifika jioni, kila mwenye gari la oto ameshasikia. Mmoja anataka kuliuza lake, mwingine anamkataza mkewe kuendesha, wa tatu anamuuliza fundi kama kompyuta ya gari inaweza kujiamulia kukimbia. Wasiwasi huo una msingi. Jambo hili limetokea kweli katika nchi mbalimbali, limeua watu na limefika mahakamani. Lakini hofu isiyo na hatua za kufuata haimsaidii dereva, kwa sababu tukio lenyewe huchukua sekunde chache, na katika sekunde hizo mtu hufanya kile tu ambacho mwili wake umekizoea.

Ninachosisitiza ni hiki: ukaguzi uanzie sakafuni, chini ya miguu yako, kabla hujafika kwenye kompyuta. Na mkono wako wa kushoto ujifunze kuipata N (gia huru, isiyovuta) bila msaada wa macho.

Likitokea ukiwa barabarani

Naanza na hili kwa kuwa unaweza kulihitaji leo.

Hatua ya 1. Shika usukani vizuri, gari libaki kwenye mstari wake. Inua mguu wa kulia juu kabisa, usiguse pedali yoyote, kisha ushushe kwenye breki. Kuinua huko ni kwa makusudi. Kama mguu ulikuwa kwenye mafuta huku ukidhani ni breki, tatizo linaisha hapo hapo. Kama halikuisha, angalau sasa una uhakika kwamba unachokwenda kukanyaga ni breki.

Hatua ya 2. Kanyaga breki mara moja, kwa nguvu zako zote, na usiachie. Usipigepige. Breki za magari mengi ya petroli zinasaidiwa na busta inayotumia mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Mafuta yakifunguka yote, mvuto huo unakwisha, na busta inabaki na akiba ya mkanyago mmoja au miwili tu. Ukipigapiga unaimaliza akiba, pedali inakuwa ngumu, na hapo ndipo watu husema "breki zilikataa". Breki nzima ikikanyagwa mara moja kwa nguvu inaweza kulisimamisha gari la kawaida la abiria hata kama injini inavuta kwa nguvu zake zote. Utasimama mbele zaidi ya ulivyozoea, lakini utasimama.

Hatua ya 3. Mguu ukiwa bado kwenye breki, sukuma gia kutoka D (ya kwenda mbele) kwenda N. Kwenye magari mengi ya oto hakuna haja ya kubonyeza kitufe cha gia kwa hatua hiyo. Unasukuma mbele tu, nayo inagota kwenye N. Injini itapiga kelele ya kutisha. Iache ipige. Magari ya injeksheni yana kikomo cha resi kinachokata mafuta ili injini isijiharibu, na hata ikiharibika, injini hununuliwa. Kwa gari la manyuo, kanyaga klachi hadi mwisho huku mguu mwingine ukiwa kwenye breki.

Wengi hukimbilia ufunguo kwanza. Mimi nashauri N itangulie, na hesabu yake ni rahisi. Gari la kuwasha kwa kitufe halizimi kwa kuguswa mara moja likiwa linatembea. Kwenye Toyota nyingi unatakiwa ukishikilie kitufe kwa sekunde mbili au tatu, au ukibonyeze mara tatu mfululizo. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari linakula karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde tatu za kushikilia kitufe ni mita 50, na katika mita 50 za barabara ya Mwanga kuna bodaboda wangapi? Kusukuma gia kwenda N hakufiki sekunde moja.

Hatua ya 4. Kama N imegoma, zima injini. Kwa gari la ufunguo, rudisha hatua moja tu hadi ACC. Usifike LOCK na usichomoe ufunguo, maana usukani utajifunga ukiwa bado unatembea. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito na breki inategemea ile akiba niliyoitaja, kwa hiyo endelea kukandamiza bila kuachia. Handibreki iwe msaada wa mwisho: ivute polepole huku kidole kikiwa kwenye kitufe chake, ili uweze kuilegeza magurudumu ya nyuma yakianza kuburuzika.

Hatua ya 5. Gari likisimama, weka P (gia ya kuegesha), vuta handibreki, zima, shusha watu. Usiliwashe tena ili "kuona kama litarudia".

Kwa hapa kwetu kuna la kuongeza. Barabara ya kutoka Mwanga kushuka mjini ni mteremko mrefu, na watu wako pande zote mbili. Ukiweka N mteremkoni, injini haikusukumi tena lakini pia haikuzuii. Uzito wote unabebwa na breki. Kwa hiyo usilegeze breki baada ya kuweka N, usizime injini hadi gari limesimama kabisa, na ukishasimama weka jiwe chini ya gurudumu kabla hujafungua boneti. Kama breki zako ni dhaifu kiasi kwamba siku zote unashuka kwa kutegemea gia tu, acha mengine yote ya mwongozo huu na ukazitengeneze wiki hii.

Sakafu ya gari

Agosti 2009, karibu na San Diego katika jimbo la California, gari aina ya Lexus ES 350 lilikimbia bila kuzuilika na kuwaua watu wanne wa familia moja. Dereva alikuwa askari wa doria ya barabara kuu, mtu aliyefundishwa kuendesha kwa kasi. Gari lilikuwa la kuazimwa kutoka kwa wakala wakati la kwake liko matengenezoni. Wachunguzi walikuta limewekewa kapeti ya raba iliyotengenezwa kwa gari la aina nyingine, ndefu kuliko inavyotakiwa, na ukingo wake umeinasa pedali ya mafuta. Baada ya hapo Toyota iliyaita mamilioni ya magari yarudishwe kurekebishwa, kwa sababu ya kapeti.

Sasa angalia sakafu za magari yetu. Mvua zikianza Oktoba hadi zinapokatika Mei, udongo mwekundu wa Gungu, Buzebazeba na Mwandiga unaingia na kila kiatu. Mwenye gari analinda kapeti ya kiwandani kwa kuweka ya raba juu yake. Raba ikichakaa anaongeza nyingine. Wengine wanakata kipande cha kapeti la nyumbani. Ukitoka kuosha gari, vijana wamekuwekea karatasi au boksi lililokunjuliwa ili uondoke pasafi. Zote hizi zinatembea. Kila unapopanda na kushuka, kisigino kinasukuma kapeti mbele kidogo, na mbele ndiko iliko pedali.

Fanya hivi, injini ikiwa imezimwa:

Toa kila kitu upande wa dereva hadi ubaki na zulia la kiwandani lililogandishwa kwenye bodi. Tafuta ndoano mbili za plastiki au matundu yake karibu na kiti. Hizo ndizo zinazoshika kapeti isisogee. Magari mengi ya mtumba kutoka Japani yanafika yakiwa yamepoteza ndoano hizo au kapeti yenye matundu yanayolingana nazo. Zinapatikana kwenye maduka ya spea, tena si ghali.

Rudisha kapeti moja tu. Moja. Isukume mbele kadiri inavyoweza kwenda, kama ambavyo kisigino chako kingeisukuma kwa mwezi mzima, kisha kandamiza pedali ya mafuta kwa mkono hadi mwisho na uiachie ghafla. Ikigusa kapeti, au ikichelewa kurudi, kapeti hiyo si ya gari lako. Kata au tupa. Angalia pia upande: kapeti iliyochongwa kwa magari yenye usukani kushoto haikai vizuri kwenye gari la usukani wa kulia, hata kama muuzaji anasema inaingia gari lolote.

Kuanzia hapo, kila ukitoka kuosha gari, toa karatasi na uhakikishe kapeti imerudishwa kwenye ndoano, uso wake ukiwa juu. Mimi naona hili moja lingepewa uzito linaostahili, nusu ya wasiwasi wa watu ungeisha.

Na vitu vinavyoviringika. Chupa ya maji chini ya kiti cha dereva inaweza kuviringika hadi nyuma ya breki ukishuka mteremko, ukakanyaga breki isiende. Dumu la mawese huwa linawekwa mbele upande wa abiria ili lisimwagikie mizigo. Likivuja kidogo, mafuta yanatambaa hadi kwenye kiatu cha dereva, na raba ya pedali inateleza. Mawese na dagaa vikae nyuma. Raba ya breki iliyolika ikawa laini ibadilishwe.

Pedali, waya na throtobodi

Jua kwanza gari lako ni la aina gani. Fungua boneti, fuata bomba nene la hewa kutoka kwenye eakilina (boksi la chujio la hewa) hadi linapoingia kwenye injini. Hapo ndipo ilipo throtobodi, mlango unaopitisha hewa unapokanyaga mafuta. Ukiona waya wa chuma unaozungusha kigurudumu pembeni yake, gari lako ni la kebo. Ukiona mota na soketi ya umeme tu, ni la umeme, yaani throtobodi yake ndiyo ya umeme, si gari linaloendeshwa kwa betri. Yapo machache ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yenye vyote viwili.

La kebo lina magonjwa ya kimakanika, na haya ndiyo yanayoonekana zaidi kwenye magari ya zamani: nyuzi za waya zimekatika moja moja na kunasa ndani ya ala yake, vumbi limeganda na grisi, springi ya kurudisha imelegea, au masizi yamejaa ukingoni mwa mlango hadi unagandia. Dalili yake ni pedali inayohitaji nguvu kidogo kuanza kushuka, kisha inaachia ghafla. Ukihisi hivyo, usingoje. Mwambie mtu akanyage na kuachia taratibu, injini imezimwa, wewe ukiangalia kwenye throtobodi kama kigurudumu kinarudi chote na kugota. Jaribu injini ikiwa baridi, kisha tena ikiwa imetoka safari, kwa sababu kuna kebo inayonasa kwenye joto tu.

La umeme husafishwa kwa dawa ya kupuliza na kitambaa laini, si msasa, na mlango wake usisukumwe kwa kidole swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa. Fundi akimaliza kusafisha, sailensa (resi ya injini mguu usipokuwa kwenye mafuta) inaweza kuwa juu hadi kontrolboksi, yaani kompyuta ya gari, ijifunze upya. Mwambie alimalizie hilo kabla hujaondoka. Dereva asiyeambiwa huweka D, gari linavuta kuliko alivyozoea, anashtuka na kukanyaga ovyo. Na tafadhali, injini isioshwe kwa maji ya presha. Soketi za sensa hazijatengenezwa kwa ajili hiyo.

Kuna kupanda kwa resi ambako si ugonjwa. Asubuhi ya baridi Kasulu au Manyovu injini hujiwekea sailensa ya juu hadi ipate joto. Subiri mshale ushuke ndipo uweke D. Ukiwasha AC resi hupanda kidogo. Sailensa inayobaki juu injini ikiwa ya moto, au inayopanda na kushuka yenyewe, ndiyo ya kupeleka gereji. Mara nyingi huwa ni bomba la hewa lililopasuka au vali ya sailensa iliyochafuka.

Taa za breki na kufuli la gia

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ni sehemu ambayo gereji nyingi zinaharibu bila kujua.

Miaka ya 1980 Marekani ilikumbwa na hofu kama hii kuhusu Audi 5000. Kipindi cha televisheni mwishoni mwa 1986 kiliitangaza nchi nzima, mauzo yakaporomoka. Mwaka 1989 ripoti ya serikali yao ilisema sehemu kubwa ya matukio ilitokana na madereva kukanyaga mafuta wakidhani ni breki, mara nyingi pale tu walipotoa gia kwenye P. Dawa iliyopatikana ni kufuli: gia haitoki P mpaka mguu uwe kwenye breki. Leo magari ya oto karibu yote yanalo.

Kufuli hilo linasikiliza swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki, swichi ile ile inayowasha taa nyekundu za nyuma. Swichi au fyuzi yake ikifa, mambo mawili yanatokea pamoja: taa za breki haziwaki, na gia inagoma kutoka P. Mwenye gari analalamika kuhusu gia, fundi mwenye haraka anafungua konzo (boksi linalozunguka gia) na kulitoa kufuli lenyewe. Gari linaondoka, lakini kinga imetolewa na taa za breki bado hazifanyi kazi. Zaidi ya hapo, kwenye magari mapya mfumo unaopunguza mafuta pale breki na mafuta vinapokanyagwa pamoja unategemea taarifa ya swichi hiyo hiyo, na hata krusi kontro (mfumo wa kushikilia mwendo bila kukanyaga mafuta) hujitoa kwa taarifa yake.

Jipime hivi. Washa swichi ya ufunguo, mguu usiguse breki, jaribu kutoa gia kwenye P kwa kitufe chake. Inatakiwa igome. Kanyaga breki, inatakiwa iachie. Kisha mwombe mtu asimame nyuma aangalie taa zote za breki. Gia ikitoka bila breki, kufuli limetolewa au limekufa, lirudishwe.

Kuhusu mfumo huo wa breki kushinda mafuta: Toyota ilianza kuuweka kwa wingi baada ya mkasa wa 2009 na 2010. Gari lako likiwa la 2003 hadi 2008, kama yalivyo mengi hapa mjini, lichukulie kuwa halina.

Busta nayo ipimwe. Injini imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa hadi iwe ngumu, endelea kuikandamiza, kisha washa injini. Pedali inatakiwa izame kidogo chini ya mguu. Isipozama, busta au bomba lake la hewa lina kasoro.

Vipi kuhusu kompyuta?

Swali hili linastahili jibu la kweli. Kwenye gari la throtobodi ya umeme pedali ya mafuta ina sensa mbili. Kontrolboksi inazilinganisha, na zikipingana inawasha taa ya chekenjini na kulinyima gari nguvu. Mota ya throtobodi ikikosa umeme, springi inarudisha mlango karibu na kufunga. Kwa hiyo kasoro ya umeme ya kawaida humfanya mtu alalamike kwamba gari halivuti, kinyume kabisa cha anachokihofia.

Je, haiwezekani kabisa? Serikali ya Marekani iliwapa wahandisi wa NASA kazi ya kuchunguza magari ya Toyota, na ripoti yao ya Februari 2011 ilisema hawakupata kasoro ya umeme inayoweza kufungua mafuta yote na kueleza matukio yale. Hata hivyo Oktoba 2013 baraza la mahakama huko Oklahoma liliibebesha Toyota lawama katika ajali ya Camry ya 2005, baada ya mtaalamu wa programu kueleza udhaifu alioukuta ndani yake. Na 2014 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kumaliza uchunguzi wa jinai juu ya jinsi ilivyowapotosha wateja kuhusu kapeti na pedali zinazonasa. Anayesema kompyuta haikosei kamwe anasema zaidi ya ushahidi, na anayesema kila tukio ni kompyuta pia anazidisha.

Upande wa pili uko Tokyo, mtaa wa Ikebukuro, Aprili 2019. Dereva wa miaka 87 akiwa kwenye Prius alimuua mama na binti yake wa miaka 3. Alisisitiza kwamba gari ndilo lililokosea. Mahakama mwaka 2021 iliona kwamba alikanyaga mafuta badala ya breki, ikamhukumu miaka mitano. Naamini watu wengi wanaosema "nilikanyaga breki" hawadanganyi, ndivyo walivyohisi. Ndiyo maana ile hatua ya kuinua mguu kwanza ni muhimu hata kwa dereva mzoefu.

Kwa magari mengi ya oto ya zamani, gia ya N imeunganishwa na giaboksi kwa kebo ya chuma, kwa hiyo inafanya kazi hata kontrolboksi ikichanganyikiwa. Kwa Prius, Aqua na mengine ya haibridi, gia ni ya umeme: isukume hadi N na uishikilie hapo kidogo hadi herufi ionekane kwenye dashibodi.

Ukitaka kujua kama gari lako liliitwa kiwandani, chukua namba ya chesisi na uiingize kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa Japani wa kutafuta magari yaliyorudishwa. Kijana anayejua kutumia simu kutafsiri atakusaidia.

Hiace na Land Cruiser za dizeli

Dizeli ina hatari yake ya pekee. Turbo iliyokufa ikivujisha oili kuingia kwenye njia ya hewa, injini huanza kuichoma oili hiyo kama mafuta. Resi zinapanda, moshi unajaa, na kuzima ufunguo hakusaidii kitu. Kwa gari la manyuo, simama, breki kwa nguvu, ingiza gia ya juu kabisa na uachie klachi ili injini inyongwe. La oto, weka N, simama, toka na uwaondoe watu. Kama njia ya hewa inafikika bila kuinamia injini, izibe kwa ubao mgumu, kamwe si kwa mkono wala kitambaa. Moshi wa bluu unaoongezeka wiki hadi wiki ni onyo la kutosha.

Miguu na mazoezi

Usiendeshe na kandambili zilizolowa, wala viatu vya kisigino kirefu. Kanga na baibui vikunjwe visifike kwenye pedali. Sogeza kiti hadi goti libaki limekunjwa kidogo ukiwa umekandamiza breki yote. Kisigino kikae mbele ya breki, na mafuta yaguswe kwa kuzungusha unyayo. Mguu wa kushoto upumzike. Waliotoka kwenye manyuo karibuni ndio wanaoutumia kutafuta klachi isiyokuwepo na kujikuta wamekita breki.

Kuegesha ndiko kunakoponza wengi, hasa kurudi nyuma, maana ukigeuza kiwiliwili mguu nao unahama. Gari la oto linatambaa lenyewe. Pale soko la Kibirizi au nje ya benki, ingia na utoke kwa kulegeza na kukaza breki tu, bila kugusa mafuta hata kidogo.

Kisha tafuta kiwanja kikavu kisicho na watoto, asubuhi. Tembea kilomita 20 kwa saa, sukuma D kwenda N bila kuangalia, simama kwa breki. Rudia hadi mkono usisite. Fanya hivyo na kila anayeendesha gari hilo: mke, mume, kijana aliyepata leseni juzi, dereva unayemkabidhi kwa siku.

Baada ya tukio

Usiguse kapeti kabla hujaipiga picha pamoja na pedali. Usichomoe betri, kwa sababu kontrolboksi nyingi hupoteza namba za kosa ikikosa umeme. Andika mara moja ulikuwa gia gani, mwendo gani, AC ilikuwa inawaka au la, umevaa viatu gani. Kama kuna aliyeumia au mali iliyoharibika, trafiki aje kabla gari halijasogezwa, na kampuni ya bima ijulishwe siku hiyo hiyo.

Gari livutwe hadi gereji, lisiendeshwe. Kwa fundi, sema wazi: "Fundi, naomba usibadilishe kitu kwanza. Pima kwenye mashine, niandikie namba zilizotokea, halafu tuangalie kapeti, kebo na swichi ya breki pamoja." Fundi mzuri hataudhika. Anayekimbilia kuuza throtobodi kabla hajafungua mlango wa dereva, mshukuru na uondoke.

Likishatengenezwa, akuoneshe chanzo kwa macho: waya uliokatika, kapeti iliyonasa, swichi iliyokufa. Kama hakuna kilichopatikana, akuambie hivyo pia, na spea za zamani akurudishie. Rudia majaribio yote ya pedali, kufuli na busta hapo hapo gereji, kisha liendeshe peke yako kwenye kile kiwanja, injini baridi na injini ya moto, kabla hujapandisha familia kwenda Kasulu.